Mashati ya Kastori

Usiniulize Kastori alikuwa mtu gani kama huna muda wa kusikia. Wengine hapa watakuambia hawakumjua. Pita kwenye safu yetu hii ya vibanda sokoni, kuanzia kwa muuza chumvi mpaka kwa fundi wa saa, uliza yeyote, atakubinulia midomo: "Kastori? Kastori yupi tena?" Waongo wakubwa! Wote walimpigia makofi. Mi pia nilipiga, tena nilikuwa nimeketi mbele, kwa hiyo acha niseme mi.

Jina langu Hidaya, watu wananiita Mama Husni. Mi ni fundi wa nguo hapa Gitega, kartye, mtaa wa Waswahili. Baba yangu, mzee Othmani, alikuwa fundi kule Muyinga, na mama alishikwa na uchungu wangu akiwa anampigia baba pasi, kwa hiyo naweza kusema nilizaliwa kazini. Baba aliniachia vitu viwili, mkasi na kipembe. Chukua shati lolote nililoshona, tazama mfuko wa kifuani. Kwenye pembe mbili za juu, pale mkono unapoingilia, utaona uzi umezunguka mara tatu ukafanya pembetatu ndogo, kama ukucha wa kuku. Hiyo njo kipembe. Mafundi wa siku hizi wanaenda na kurudi mara moja, wanakata uzi, bon, wamemaliza. Baba alikuwa anasema mfuko wa mteja ukichanika, ni jina lako limechanika. Akiona nimeruka kipembe alikuwa ananifumulisha shati zima.

Kipembe hicho nimewafundisha watu wawili tu katika maisha yangu. Mmoja ni Josefina, anayeshonea ng'ambo ya mtaro, kibanda kinachotazamana na changu. Mwengine ni Gaudensia. Na kusema kweli, haya yote nayasema kwa ajili ya Gaudensia, Kastori ni njia tu ya kufika kwake.

Gaudensia alikulia Tanzania, kambi ya wakimbizi ya Mtabila. Walirudi mwaka ule kambi ilipofungwa, wakakuta shamba la babu yake kule Itaba lina mtu juu yake na kesi haina mwisho. Akaja mjini na cherehani kichwani. Mi nasema mashine, yeye anasema cherehani. Kiswahili chake kimenyooka kama pindo la suruali ya padri, mpaka nikawa namtania: "We Mama Martha, ukiongea nasikia kama redio." Naye ananijibu: "Na wewe Mama Husni ukiongea nasikia lori linapanda mlima." Tuliketi baraza moja miaka saba, mashine yangu hapa, yake pale, jiko la kupashia pasi katikati. Aboubakar wangu alipofariki, huyu Mkristo alikaa matangani kwangu mpaka mwisho, akaosha masufuria yote ya msiba, ndugu zangu wa damu wamelala. Mtu wa namna hiyo utamtafuta wapi?

Sasa Kastori. Kastori alikuja toka Buraza anasukuma baiskeli ya ndizi. Kijana mwembamba, kola namba kumi na nne, najua maana nilimpima mwenyewe. Mpole kabisa. Mawingu yakifunga, kabla sijamwita anaacha ndizi zake anakuja kuniingizia mashine ndani. Mwaka ule wezi walituzidi nguvu. Leo vitambaa vya huyu, kesho mizani ya yule, na ukienda kulalamika kwa wakubwa wa soko wanakuambia wameandika. Wameandika! Kuandika kunarudisha mizani? Siku moja, mchana kweupe, mwizi akanyakua begi la mama mmoja, Kastori akamkimbiza mpaka chini mtoni, akamrudisha amemshika mkanda. Watu walimbeba juu juu. Tukasema huyu awe mkuu wa ulinzi wa safu. Tukanyoosha mikono. Mi nilinyoosha, na Gaudensia alinyoosha. Ndiyo, hata yeye.

Akanunua kipenga. Na wizi ukaisha, simnyimi haki yake. Basi tukamwachia kila kitu, maana mtu aliyekulindia mali unamkatalia nini? Kipenga kikaanza kulia kila asubuhi, sote tutoke tusimame mbele ya vibanda, aangalie nani kafagia. Tukasema sawa, usafi ni nusu ya imani. Halafu tukaambiwa tukiwa tumesimama tuinue mkono wa kulia. Tukainua, kwani kuinua mkono kunauma? Halafu hakuna tena kumwita Kastori, mwite Kiongozi. Muuza chumvi akasahau siku moja, akasema "Kastori, habari ya asubuhi," akafungiwa kibanda siku nne. Sisi tukamwambia muuza chumvi kosa ni lake, mdomo wake mrefu. Unaona jinsi tulivyokuwa? Mtu kafungiwa chakula cha watoto, na sisi tunamfundisha adabu.

Mashati njo yalifuata. Alikuja barazani siku ambayo Gaudensia amekwenda maziko Bukirasazi. Alijua, hakubahatisha. Akaweka mezani majora mawili ya tetroni, rangi ya damu ya mzee.

"Mama Husni," akasema, "we njo fundi wa kweli hapa. Nataka mashati arobaini ya vijana wangu. Yawe na mfuko kifuani. Na yasichanike."

Nikamwambia nitazame kazi nilizonazo. Akatabasamu, akatazama paa la baraza, akatazama nguzo, kama mtu anayekuja kununua. Baraza si yangu, na ruhusa ya nani akae hapa ilikuwa mikononi mwake tayari. Nikasema: "Lete na vifungo."

Nilishonea nyumbani, chumbani, kwa mashine ya mkono ya marehemu baba. Gaudensia alipoyaona vijana wameyavaa akaniuliza: "Nani kashona haya, Mama Husni?" Nikamwambia yametoka Bujumbura. Hivi hivi, bila kukohoa. Akasema mafundi wa Bujumbura wameendelea, kola zimekaa vizuri. Na mi, mjinga mi, nikafurahi.

Wezi wakarudi. Si wengi, lakini walirudi. Sasa Kiongozi afanyeje? Aseme ameshindwa? Jumamosi moja, baada ya kazi za umma, mikono bado ina matope, akapanda juu ya kreti za bia akasema adui yuko ndani. Akasema iko watu wamerudi toka Tanzania na ujanja wa kambini, wanajua mikate ya bure, hawajui jasho. Abahungutse, waliorudi ukimbizini, akawaita, lakini alivyolitamka ungedhani anatema pilipili. Akasema safu ni ya wenyeji. Nikageuka kumtazama Gaudensia. Alikuwa anakwangua tope kwenye jembe lake kwa kijiti, polepole, kama halimhusu. Makofi yalipigwa. Viganja vyangu pia viligongana, nimeshasema sitaficha.

Wiki iliyofuata Kastori akaleta majora mengine. Mashati sitini. Safari hii nilikuwa nimeshasikia, sikuwa na kisingizio chochote. Nikayashona. Na nitakuambia kitu kinachonikasirisha mpaka leo. Niliyashona vizuri. Ningeweza kulipua kazi, nani angejua? Vijana wale wanajua mshono? Lakini mkono wangu haujui kulipua, kila mfuko pembe mbili, kila pembe mizunguko mitatu. Mashati sitini, vipembe mia na ishirini. Mgongo uliniuma mwezi mzima.

Mwalimu Elikana, anafundisha historia, mtu wa Bukirasazi, alikuja siku hizo kuchukua suruali yake. Gaudensia hakuwepo, alikuwa amekwenda kwenye kesi ya shamba. Elikana akainama karibu.

"Mama Husni, huko Italia, zamani, kulikuwa na mtu alianza hivi hivi. Mashati, mikono juu, makofi."

"Mashati ya rangi gani?"

"Meusi."

"Alikaa muda gani?"

"Miaka ishirini na kidogo."

"Ishirini! Mana yanje, Mungu wangu. Na nani alimtoa?"

"Watu wake mwenyewe. Wale wale waliokuwa wanamshangilia. Vita ilipomshinda wakamgeuka."

"Na mafundi?"

Akanitazama. "Mafundi gani?"

"Waliomshonea mashati. Iliwafika nini?"

Akasema kitabu hakisemi. Nikamwambia achukue suruali yake aende na kitabu chake, mi nina kazi.

Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, jua linawaka, watu wamejaa. Vijana watano wakaja barazani, mashati yamenyooka. Mmoja akamwambia Gaudensia baraza hii ni ya wenyeji, atoe vitu vyake. Gaudensia akasimama.

"Mimi ni mwenyeji wa Itaba," akasema. "Babu yangu amezikwa Itaba. Wewe babu yako kazikwa wapi?"

Wawili wakaibeba cherehani yake, meza na yote. Gaudensia akamrukia mmoja, akamshika kifuani, akavuta. Akavuta tena kwa mikono miwili. Yule kijana hakusimama, akatembea naye, anamburura, miguu yake inakwangua saruji, mpaka wakafika mtaroni. Pale nikamwona Gaudensia anatazama mikono yake mwenyewe. Halafu akageuza kichwa akaniita.

"Mama Husni! Waambie!"

Mi nilikuwa na mguu kwenye pedeli. Nikaendelea kukanyaga. Nguo ilikuwa imeshapita, uzi umekwisha, sindano inadunda juu ya chuma tupu, na mi nakanyaga tu, macho chini. Safu nzima ilifanya hivyo hivyo, kila mtu akapata kazi ya ghafla. Josefina alikuwa anatunga sindano iliyokwisha tungwa. Gaudensia alianguka mtaroni, akainuka, akakung'uta kitenge. Cherehani ikaenda kufungiwa kwenye stoo ya komite ya safu. Yeye akaondoka siku ile ile na binti yake Martha. Hakuniaga, na mi sikumfuata. Nilijiambia nitamfuata mambo yakipoa.

Mambo hayakupoa. Baada ya Gaudensia wakatolewa wengine, halafu walipokwisha waliorudi toka Tanzania, wakaanza kutazamana wenyewe nani hashangilii kwa moyo. Kastori akanenepa. Kola kumi na tano, kola kumi na sita na nusu, nilikuwa napima shingo ile kwa futi yangu. Akataka picha. Picha ikachorwa kwenye ubao mkubwa, ikawekwa juu ya mlango wa kuingilia safu, uso wake ni mpana kuliko mlango wenyewe. Mvua ikinyesha rangi inachuruzika, vijana wanapanda kumfuta machozi.

Miaka mitatu, ndugu yangu. Nilikuwa nalala naota jinsi atakavyoanguka. Nilidhani watu watainuka. Nilidhani iko mtu atasimama atasema basi. Unataka kujua ilivyokuwa? Alikuja mkubwa mmoja toka juu, kufungua choo kipya cha soko. Choo! Tukapangwa mistari miwili, mashati mbele. Mkubwa akashuka garini, akatembea, akafika chini ya ubao, akainua macho.

"Uyu ni nde?" akauliza. Huyu ni nani?

Watu mia tatu, hakuna aliyekohoa. Kastori akasogea mbele, akainua mkono wa kulia juu. Na safu nzima, sisi tuliokuwa tunainua mikono hata usingizini, tukabaki tumeibana kwenye mapaja, tunasubiri kuona mkubwa atafanya nini. Mkubwa hakufanya kitu. Alikata utepe, akaangalia choo, akaenda zake.

Jumatatu ikabandikwa karatasi kwenye nguzo, mistari miwili, muhuri. Kastori si mkuu wa ulinzi tena. Alikuja akaisoma, akapiga kipenga. Vijana wake walikuja wamevaa fulana. Akapiga tena, muuza chumvi akaendelea kupima chumvi.

Nilikasirika we! Watu wanadhani nilifurahi. Nilikasirika mpaka nikashindwa kula. Mtu kauliza swali moja tu, huyu ni nani, maneno ambayo hata mtoto anayajua, na imekwisha! Kumbe ilikuwa inatosha kuuliza? Miaka mitatu ninalo swali hilo mdomoni, nalimeza na mate.

Halafu mashati yakaanza kurudi. Yamekunjwa ndani ya magazeti, ndani ya vikapu, chini ya mboga. "Mama Husni, hili si langu, ni la shemeji, nifanyie foronya." "Mama Husni, nifanyie aproni ya jikoni." "Mama Husni, lifumue mfuko, lipake rangi nyeusi." Hakuna aliyewahi kuvaa, hata mmoja, ni mashemeji tu. Nikakaa na wembe kufumua. Mwili wa shati unafumuka, mikono inafumuka, ukifika kwenye kipembe unagoma. Nimejikata vidole vyote viwili hivi, tazama.

Siku moja Kastori mwenyewe akatokea barazani. Amekonda, ana baiskeli, nyuma mikungu mitatu ya ndizi. Akanipa suruali nimpunguzie kiuno. Akaketi kwenye benchi pale pale alipokuwa anakaa Gaudensia, wala hakuona haya.

"Kastori," nikamwambia, na nilisikia raha kulitaja lile jina, "ulitufanyia nini?"

"Mi? Nilikuwa nawalinda."

"Uliwafukuza watu!"

"Vijana njo waliwafukuza. Mi sikumgusa mtu." Akamenya ndizi, akanikatia nusu, nikaikataa. "Tena we Mama Husni unanilaumu nini? Nilikulazimisha?"

"Uliitazama baraza yangu!"

"Kutazama tu?" Akacheka, na sikuona ubaya kwenye kile kicheko, alikuwa anashangaa kweli. "Ungekataa ningefanya nini? Nilikuwa na kipenga tu. Siku ile niliogopa utakataa, nikawa nawaza nitamwambia nini Josefina."

Nilimtupia suruali yake bila kuipunguza. Akaiokota, akaifunga kwenye baiskeli, akaenda. Ndizi ile nusu aliiacha mezani na sisimizi wakaijaa.

Hapo njo nikasema siwezi tena, lazima Gaudensia arudi. Sikutaka kitu kingine duniani, nimwone ameketi pale, jiko katikati. Nikaenda kwa mkuu mpya wa safu, Urbano, mtu wa makamo, mwenye sauti laini, nikamwomba cherehani iliyo stoo. Nilijiandaa kwa vita. Akanipa ufunguo mara moja.

"Chukua, Mama Husni. Sisi si kama wale."

Nilisikia Gaudensia yuko Muyinga. Mafuta yalikuwa hayapatikani, magari yamepanga foleni mpaka barabara imeziba, nikasubiri siku mbili kupata nafasi. Mguu wa meza niliuacha, nikabeba kichwa cha mashine peke yake, nimekifunga kwenye kitenge, nimekipakata toka Gitega mpaka Karuzi, toka Karuzi mpaka Muyinga. Kila shimo la barabara mapaja yangu yanapata habari. Nikawa napanga maneno. Nitamwambia Kastori ameanguka. Nitamwambia nimefagia. Lile la mashati ya Bujumbura sikulipanga, nilidhani limekwisha zikwa.

Nilimkuta kwenye baraza ya duka, njia ya kwenda Kobero, mpakani mwa Tanzania, anashona kwa mashine ya kuazima. Mvi zimemtoka. Akaniona, akasimama, akanikumbatia. Nikalia. Yeye hakulia.

"Karibu, Mama Husni. Umekonda. Keti, Martha akuletee chai."

Nikamfungulia kitenge. Akaitazama cherehani yake muda mrefu, akapitisha kidole kwenye gurudumu, akachukua kichupa cha mafuta akaitia tone moja moja, kila tundu. Nikamuuliza kwa nini alikuja huku mbali. Akasema mtu aliyekwisha kimbia mara moja hukaa karibu na mlango. Nikaongea, nikaongea, nikamwambia habari ya choo na karatasi, nikamwigizia Kastori anavyopiga kipenga na hakuna anayegeuka. Alicheka mpaka akashika ubavu. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, anarudi.

"Basi rudi," nikamwambia. "Baraza iko, jiko liko, na sehemu yako nimeifagia."

Yeye akarudi kwenye kazi. Alikuwa anashona mashati ya shule. Nikachukua moja lililokwisha, mazoea tu, fundi hawezi kukaa mbele ya nguo asiishike. Nikatazama mfuko. Mshono mmoja, kwenda na kurudi, basi.

"We Mama Martha! Kipembe kiko wapi?"

"Nimeacha."

"Umeacha? Mtoto atatia mawe humu, mfuko utachanika!"

"Acha uchanike."

Nikadhani anatania. Nikamtazama usoni, hakuwa anatania. Akatoa mguu kwenye pedeli.

"Siku ile nilimshika yule kijana mfukoni, Mama Husni. Nilijua shati la kununua mfuko hautamaliza dakika. Utachanika, nitaanguka nyuma, barazani kwetu, nitang'ang'ania nguzo. Nilivuta kwa mkono mmoja, nikavuta kwa miwili. Haukuchanika. Uliniburura mpaka mtaroni. Nikatazama kile nilichokishika, nikakiona kipembe. Ndipo nikakuita."

Chai ilikuwa mkononi. Nikaiweka chini.

"Niliogopa," nikasema.

"Najua uliogopa. Hata mimi pengine ningeogopa. Lakini si ungeshona vibaya?"

Nikamsihi arudi hata hivyo, nikamshika magoti, mtu mzima mi. Akaniinua. Akaniambia bila hasira, na Kiswahili chake kile kilichonyooka: "Sirudi, dada yangu. Kastori ameondoka, lakini fundi wake bado yuko barazani." Akanifungia karanga za njiani kwenye karatasi, akanisindikiza mpaka kituoni, akanishikia mkoba.

Nimerudi Gitega siku ya tatu, kabla sijavua viatu Urbano huyu hapa, na jora begani. Kijani.

"Mama Husni, pole na safari. Iko vijana wachache wa kusaidia utaratibu. Mashati thelathini tu. Sisi si kama wale."

Nikamwambia sishoni. Nikangoja aitazame baraza, atazame paa, atazame nguzo. Hata hakutazama.

"Hakuna shida," akasema. "Umechoka, pumzika." Akabeba jora lake, akavuka mtaro.

Imekwisha hivyo! Mi niko hapa, mashine iko hapa, hakuna aliyenigusa unywele. Kastori hakusema uongo. Nilikaa na mkasi mkononi, hasira inanipanda, sijui nimkasirikie nani, kila nikitafuta mtu naangukia mwenyewe.

Saa sita mashine ya Josefina ikaanza kulia. Sikutaka kusikiliza, lakini sikio la fundi linafanya kazi hata ukilikataza. Pindo, inakwenda mbio. Ubavu, inakwenda mbio. Halafu mfuko, nikaujua, inapanda pole pole. Nikasimama nikaita toka ng'ambo ya mtaro: "Josefina! We Josefina! Hiyo unashona nini?" Hakuinua macho, mguu uko kwenye pedeli. Mashine ikafika kwenye pembe, ikasimama, ikazunguka mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Kazi safi kabisa, maana mi njo nilimfundisha.